Shajara ya mradi: aljebra ya barazani, Ngamiani, Tanga

Jumamosi, 3 Mei

Tumeanza. Watoto kumi na mmoja, ubao wa kuazima, na baraza la Bi Mkubwa, ambaye sharti lake ni moja tu: vumbi la chaki lisimfikie mlangoni. Wote ni wa kidato cha kwanza, wametoka shule tatu tofauti. Tunakutana saa nane mchana kwa sababu asubuhi wengi wako madrasa. Majina yao hayataingia humu. Nitawataja kwa mitaa yao, au kwa yale majina ya utani wanayoitana wenyewe.

Lengo nimeliandika kwa mistari miwili: vipindi tisa, na mwisho wake kila mtoto aweze kusoma usemi wa aljebra kama asomavyo sentensi, na ajue kwa nini (a + b)² si a² + b². Hilo la pili limenichosha miaka yote niliyoshika chaki. Nimeliona kwa wa kidato cha kwanza, nimeliona kwa wa kidato cha nne wiki moja kabla ya mtihani.

Watoto hawa darasa la saba wamesoma hisabati kwa Kiswahili. Wanajua rahisisha, wanajua tafuta thamani, na MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) wanaiimba usingizini. Januari wakaamkia Kiingereza. Leo nimemwona anayejua kabisa kurahisisha akikaa kimya mbele ya swali, kumbe hajajua kwamba swali linamwambia arahisishe. Kwa hiyo barazani tunasema Kiswahili, na mwisho wa kipindi tunaandika maneno matano ya Kiingereza ya kwenda nayo shuleni Jumatatu. Zaidi ya hapo sitaki kubishana na mtu kuhusu lugha ya kufundishia. Nina baraza, sina wizara.

Nilifungua na mchezo. Fikirieni namba yoyote, msinitajie. Zidisheni kwa mbili. Jumlisheni kumi. Gawanyeni kwa mbili. Sasa toeni ile mliyoifikiria mwanzo. Mmebaki na tano.

Kimya, halafu kelele. "Mwalimu, una jini?" Walinitaka nirudie mara nne. Mmoja alichukua 1,000,000 ili anikomoe, akabaki na tano. Hapo ndipo nilipoandika n ubaoni, kisha 2n, kisha 2n + 10, kisha n + 5, kisha 5. Jini likaonekana lilipokaa. Yule wa milioni aliutazama ubao muda mrefu, akasema, "Kumbe hukuhitaji kuijua namba yangu." Nimeliandika neno lake kwenye jalada la daftari langu.

Jumamosi, 10 Mei

Masika. Maji yamefika kizingitini, wamekuja wanne. Sikutaka kuwarudisha, nikafanya kitu kidogo ambacho sikukipanga.

Barabara za hapa Ngamiani zina namba. Mgeni huona ajabu kuambiwa mtu anakaa barabara ya nane, sisi tumezaliwa tukisikia hivyo. Nikawaambia: barabara unayokaa iite n. Dukani ni barabara tatu mbele, kwa shangazi ni mbili nyuma. Andika. Wakaandika n + 3 na n − 2 bila taabu. Kisha wa barabara ya 12 akasema n ni 12, wa barabara ya 8 akabisha kwamba n ni 8, na ugomvi ukawa mkali hata Bi Mkubwa akachungulia dirishani.

Niliwaacha wagombane. Aliyewaamua ni binti wa Makorora, ambaye mtaa wake hauna namba na hakuwa na upande wa kushika: "Kila mtu ana n yake, lakini dukani kwa kila mtu ni n + 3." Basi.

Tukamaliza na barabara tatu zinazofuatana, n, n + 1, n + 2. Jumla yake ni 3n + 3, yaani mara tatu ya ile ya katikati. Walijaribu kwa 4, 5, 6 na kwa 10, 11, 12. Mvua haikukatika mpaka alasiri.

Jumamosi, 17 Mei

Kipindi kitamu kuliko vyote. Nilipitia soko la Mgandini nikanunua machungwa ya Muheza na ndimu. Machungwa matatu na ndimu mbili: 3m + 2n. Ongeza machungwa mawili na ndimu nne: 5m + 6n. Je, jumla ni 11mn? Hapana, chungwa haliwi ndimu. Waliolielewa ni wote kumi na mmoja, mara moja, kisha tukala somo. Nimerudi nyumbani najipongeza.

Jumamosi, 24 Mei

Najirudi.

Nilianza kwa swali la kupasha moto tu. Chungwa moja ni shilingi 200, umenunua machungwa m, umelipa kiasi gani? Wote wakaandika 200m. Vizuri. Nikauliza, m ni nini? Wakajibu kwa sauti moja: machungwa. Basi 200m ni nini? Machungwa mia mbili.

Nikahisi baridi. Nikaandika m × m. "Machungwa mraba!" Wakacheka. Nikaandika m × n, chungwa mara ndimu. "Juisi, mwalimu!" Nilicheka nao kwa sababu jibu ni zuri, lakini hitilafu ni yangu. Wiki iliyopita niliwafundisha kwamba herufi ni ufupisho wa jina la kitu, na wamenielewa sawasawa kama nilivyowafundisha. Herufi si chungwa. Ni idadi ya machungwa, au bei ya chungwa, au uzito wake. Ni namba, hata kama bado hatujaijua. Mtu akiifanya kitu, 3m + 2n atalipata, lakini hatafika mbali, kwa sababu chungwa halizidishwi kwa chungwa.

Ili nijue ugonjwa umeingia kiasi gani, nikawapa hili: kila bajaji imebeba abiria watatu; a ni idadi ya abiria, b ni idadi ya bajaji; andika mlinganyo. Tisa waliandika 3a = b. Ukiwasikiliza wanavyosoma, unaelewa: "abiria watatu, bajaji moja." Wametafsiri picha neno kwa neno. Nikasema, tuseme bajaji ni kumi, abiria wangapi? Thelathini. Haya, wekeni kwenye mlinganyo wenu. Mara tatu ya thelathini ikawa kumi. Nyuso zikabadilika. Sahihi ni a = 3b.

Nawaandikia hapa walimu wenzangu watakaosoma, wasidhani ni upungufu wa watoto wa Ngamiani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, John Clement na wenzake wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, walitoa swali la namna hiyohiyo kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi: wanafunzi ni mara sita ya maprofesa, andika mlinganyo. Zaidi ya theluthi walikosa, na kosa lililotawala lilikuwa lilelile la kugeuza, sita upande wa wanafunzi. Wahandisi! Mtoto wangu wa miaka kumi na minne hayuko peke yake.

Sheria mpya ya baraza, imeandikwa juu ya ubao: kabla ya kutumia herufi, sema "idadi ya" au "bei ya" au "urefu wa". Asiyesema anasimama mpaka aseme.

Jumamosi, 31 Mei

Viberiti. Vitupu, nimekusanya kwa majirani wiki nzima, na ndani ya kila kimoja nimetia kete za bao kwa idadi ileile. Viberiti viwili mezani na kete tatu nje: 2k + 3, ambapo k ni idadi ya kete ndani ya kiberiti kimoja. Nimesema "ni idadi, si kiberiti" mara nyingi mno, mpaka wakaanza kuniigiza. Sijali.

Binti wa Makorora alitikisa kiberiti sikioni asikie ni ngapi. Nikamwacha. Hiyo hasa ndiyo maana ya kutafuta k.

Kosa la siku: 2k + 3 ni 5k. Hatukubishana. Tulifungua viberiti, zikatoka nne nne. Mbili mara nne na tatu ni kumi na moja. Tano mara nne ni ishirini. Aliyeandika 5k alizihesabu kete mwenyewe, akafuta mwenyewe. Kisha 2k + 3k, ambayo ni 5k kweli, wakaiona tofauti bila mimi kusema neno. Vipande vyenye k vinajumlishwa na vyenye k, kete za nje na kete za nje. Machungwa na ndimu yangefika hapohapo, lakini kwa njia yenye shimo.

Jumamosi, 7 Juni

Idd. Hakuna kipindi. Bi Mkubwa amenipa sahani ya pilau na kuniuliza kama wale watoto "wameshaijua hiyo a na b". Nikamwambia bado, wameijua k.

Jumamosi, 14 Juni

Maboksi kutoka dukani, mkasi kutoka kwa fundi cherehani wa jirani (alitaka urudi kabla ya magharibi, umerudi). Leo ni mabano.

Tulianza na namba, bila herufi: 13 × 12. Kata mstatili wa sentimita 13 kwa 12. Gawa upande mmoja kuwa 10 na 3, mwingine 10 na 2. Vinatoka vipande vinne: 100, 20, 30 na 6. Jumla 156. Hakuna aliyeona ajabu, maana wamezidisha hivyo tangu msingi, ila hawakuwahi kuona kwamba kuzidisha kuna umbo. Eneo ni upande mara upande, hilo wanalijua. Hawakujua kwamba wanaweza kulikata.

Kisha x. Hapa kuna ujanja mdogo ninaompa mwalimu yeyote atakayejaribu: urefu wa x niliukata kwa makusudi usilingane na idadi kamili ya vile vipande vidogo vyenye upande wa 1. Ni kumi na nusu hivi. Ukiukata kumi kamili, mtoto mjanja atapanga vipande kumi kandoni, atasema x ni kumi, na somo limekufa. Wa barabara ya 8 alipanga, vikagoma, akanitazama kama nimemwibia.

(x + 3)(x + 2). Mraba mmoja wa x kwa x, mikanda mitano ya x kwa moja, vipande vidogo sita. Kwa hiyo x² + 5x + 6. Na x² hapa si "machungwa mraba" tena. Ni mraba wenyewe, mkononi, unaukunja.

Jumamosi, 21 Juni

Likizo imeanza, tumebaki tisa. Leo ndiyo siku niliyoisubiri tangu mwanzo.

Nikaandika (a + b)² = na kuacha wazi. Saba kati ya tisa: a² + b². Sikufuta. Nikasema tuweke a ni 3 na b ni 4. Kushoto, saba mara saba, 49. Kulia, 9 na 16, 25. Zimepungua 24, zimekwenda wapi? Wakarudi kwenye maboksi. Mraba wa upande a + b, ndani yake mraba wa a, mraba wa b, na mistatili miwili ya a kwa b iliyokuwa imesahaulika pembeni. Tatu mara nne ni 12, mara mbili ni 24. Hiyo hapo. Picha hii ni ya zamani sana, Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, aliitaja kwa maneno katika kitabu cha pili cha *Elements* miaka zaidi ya 2,000 iliyopita, na bado mtoto akiigusa hushtuka.

Halafu yule tunayemwita Profesa (miwani, na tabia) akainua mkono. "Mwalimu, mimi nimeweka b sifuri. Ile ya kwanza nayo imekubali."

Ni kweli. Ukiweka sifuri, (a + b)² = a² + b² inakubali. Ukiweka namba nyingine zisizo sifuri, inakataa. Ile ya maboksi, a² + 2ab + b², inakubali kila unachoweka. Hapo nikawa sina neno. Mlinganyo kwa Kiswahili tunalo, lakini mlinganyo unaokubali daima, kwa kila namba, tuuite nini ili utofautike na x + 3 = 10 unaokubali mara moja tu, x ikiwa saba? Nikawatupia wao. Zilikuja pendekezo za ovyo na za maana, na iliyoshinda ni ya kijana ambaye baba yake hufanya kazi bandarini: x + 3 = 10 ni *mlinganyo kibarua*, una kazi leo tu. (a + b)² = a² + 2ab + b² ni *mlinganyo wa kudumu*, ana ajira. Nimeandika hivyo ubaoni na sitabadilisha.

Profesa hakuridhika. "Tumejaribu namba tatu. Tutajuaje ya nne haitamfukuza kazi?" Sijapata swali zuri kama hilo barazani. Nikamwambia tazama boksi: je, pale nilipokata, nilihitaji kujua a ni ngapi? Akafikiri. Hapana. Basi picha inasema kwa urefu wowote. Alikubali, lakini kwa ile sauti ya mtu anayeweka akiba.

Jumamosi, 28 Juni

Profesa kaenda Lushoto kwa bibi yake. Wako wanane.

Tumekata mraba mdogo kwenye kona ya mraba mkubwa, kilichobaki tukakikata kipande kimoja na kukigeuza, ukatoka mstatili wa a + b kwa a − b. Kwa hiyo a² − b² = (a + b)(a − b). Imechukua dakika kumi. Nilidhani itachukua saa.

Muda uliobaki ulikwenda kwenye barabara. Chukua barabara tatu zinazofuatana, zidisha za pembeni, linganisha na ya katikati mara yenyewe. 7 × 9 ni 63, 8 × 8 ni 64. 11 × 13 ni 143, 12 × 12 ni 144. Pungufu ya moja kila mara. Nikawauliza kwa nini, nikakaa chini. Wa barabara ya 12 aliandika n(n + 2), akakwama. Binti wa Makorora akamwambia, "Usianzie pembeni, anzia katikati." Wakaiita ya katikati m: (m − 1)(m + 1) = m² − 1. Nimefurahi sana kwa lile neno *anzia katikati*, kwa sababu kuchagua kipi kiitwe herufi ni nusu ya kazi na sikuwa nimeifundisha.

Kisha wakaenda kumtesa mwenye duka. 98 mara 102? Kabla hajashika kikokotoo: 9,996. 103 mara 97? 9,991. Aliwapa pipi ili waondoke.

Jumamosi, 5 Julai

Kipindi cha tisa. Profesa amerudi na tunda damu mfuko mzima.

Leo nimewapa fumbo lenye umri wa miaka 1,200. Mtu aliyeliandika ni Al-Khwarizmi, alikuwa Baghdad zama za khalifa Al-Ma'mun, na kitabu chake cha mwaka 820 hivi ndicho kilicholipa somo hili jina. *Al-jabr wal-muqabala*. Niliandika ubaoni nikanyamaza, kwa sababu hawa ni watoto wa madrasa. Haikuchukua muda. "Mkabala! Ni mkabala, mwalimu." Naam, kuweka pande mbili zitazamane. Na jabr? "Al-Jabbar," akasema mwingine, jina mojawapo kati ya yale tisini na tisa. Mzizi ni mmoja. Kwa Kiarabu jabr ni kurudisha kilichovunjika mahali pake, hata kuunga mfupa husemwa hivyo. Ukiwa na kipande kilichotolewa upande mmoja, unakirudisha kwa kukiongeza pande zote mbili.

Al-Khwarizmi hakuwa na x wala alama ya sawasawa. Aliandika yote kwa maneno. Namba asiyoijua aliiita mzizi, na mzizi mara mzizi aliuita *mal*. Mali! Baraza lilichangamka hapo kuliko siku ya machungwa. Fumbo lake ni hili: mali na mizizi kumi ni dirhamu thelathini na tisa. Mzizi ni ngapi?

Wakaandika x² + 10x = 39. Kibarua au wa kudumu? Kibarua, wakasema, na sasa tunamtafutia kazi yake.

Njia ni yake yeye, kwa maboksi yetu. Weka mraba wa x. Ile mikanda kumi igawe tano na tano, tano kwa upande huu, tano kwa upande ule. Umbo linakaribia kuwa mraba mkubwa, isipokuwa kona moja imepungua. Kona ni tano kwa tano, 25. Ijaze. Eneo lote sasa ni 39 na 25, yaani 64. Upande wa mraba wa 64 ni nane. Upande huo ni x + 5. Kwa hiyo x ni tatu. Hakiki: tisa na thelathini ni thelathini na tisa. Ni (a + b)² yetu ileile, tumeiingia kwa mlango wa nyuma. Nilimwona wa barabara ya 8 akirudi kwenye daftari lake la tarehe 21 kulinganisha picha mbili.

Nilikuwa nimeshafunga daftari nianze maneno ya kuaga. Binti wa Makorora alikuwa bado anaandika.

"Mwalimu, hasi kumi na tatu nayo inakubali."

Nikamwambia aje ubaoni. Hasi kumi na tatu mara hasi kumi na tatu, 169. Kumi mara hasi kumi na tatu, hasi 130. Ukijumlisha, 39. Nikamuuliza kaipataje. Alisema nane siyo peke yake inayotoa 64, hasi nane nayo inatoa, kwa hiyo x + 5 inaweza kuwa hasi nane. Al-Khwarizmi alilitaja jibu moja tu, tatu, kwa kuwa alikuwa anapima pande za umbo.

Profesa aliinuka na mkasi mkononi. "Kata hiyo, mwalimu. Kata upande wa hasi kumi na tatu." Ndiyo ile akiba yake ya tarehe 21. Nilimwambia boksi linasema kwa urefu wowote, na hasi si urefu. Kwa hiyo mlinganyo wetu wa kudumu tumeushuhudia kwa nusu ya namba tu, na nusu nyingine lazima tuishughulikie kwa kufungua mabano, hatua kwa hatua, bila picha.

Nimekwenda kumwomba Bi Mkubwa wiki mbili zaidi. Amekubali, kwa sharti lilelile la chaki.